Acheni Kusingizia Maji

Jani la monstera likigeuka manjano Nairobi, jibu hutoka hata kabla picha haijafunguka: "Umezidisha maji." Wasee, nimechoka na hilo jibu. Kuna siku huwa ni kweli, mizizi imeoza na chungu kinanuka. Lakini wengi wetu siku hizi hatupandi kwenye udongo. Tunapanda kwenye kokopiti, ule unga wa makumbi ya nazi, au kwenye pumisi, yale mawe mepesi ya volkano. Huko mambo ni mengine.

Udongo una akiba ya chakula. Kokopiti na pumisi karibu hazina kitu. Mmea unakula ulicholetewa, na ukisahau mbolea njaa inajitokeza kwenye majani. Sasa unamwambia mtu apunguze maji? Mwenye njaa unamnyima hadi kinywaji!

Uliza kwanza: ni jani gani? Naitrojeni huhama. Ikipungua, mmea huitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwa machipukizi, ndiyo maana ya chini hupauka kwanza. Magnesiamu pia huanzia chini, ila manjano hukaa kati ya mishipa na mishipa yenyewe ikabaki kijani. Chuma hakihami: kikikosekana, ni jani changa linalotoka limepauka. Anayekuandikia dawa kwa picha ya jani moja, hajui lilikuwa juu au chini, anabahatisha tu. Na kokopiti ina ujanja wake, hunasa kalsiamu na magnesiamu kabla mzizi haujazifikia.

Halafu kuna maji yenyewe, na hapa ndipo wataalamu wetu wa ushauri wa Ulaya wananikera kabisa. Visima vingi vya Nairobi vina floraidi nyingi, ileile inayoacha meno ya watu na madoa ya kahawia. Drasena haiiwezi, ncha za majani yake hukauka. Tena maji ya visima hivyo mara nyingi yana alkali, na alkali hufungia chuma: kimo chunguni, mzizi haukipati. Ukizidi kumwaga mbolea, chumvi inajazana, unaona ukoko mweupe juu ya pumisi na kingo za majani zinaungua. Dawa yake ni kupitisha maji safi, mengi, hadi yatiririke chini. Ya mvua yakipatikana, ni bora zaidi. Yaani, kile hasa ambacho yule wa "umezidisha maji" atakukataza.

Kuna vijana wametupa mimea waliyoinunua kwa pesa ya kodi, wakaambiwa eti hawana mkono wa kupanda. Mkono uko sawa. Walinyimwa maswali.

Kwa hivyo ukinitumia picha, piga mmea mzima. Niambie maji ni ya mfereji au ya kisima, na mbolea uliweka lini. Bila hayo, sina la kukuambia.