Pikipiki ya Umeme: Anza na Shokapu, Spidi Baadaye



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei ya petroli, kijiweni hapakosi mtu wa kuapa kwamba pikipiki yake ijayo ni ya umeme. Sina ugomvi naye. Umeme nyumbani anao, mafuta yanapanda, na mota haina plagi wala kabureta ya kumsumbua asubuhi. Ninachogombana nacho ni maswali yanayofuata. La kwanza: inakimbia ngapi? La pili: inafunguliwa spidi? Yakishajibiwa hayo mawili mjadala umekwisha, watu wanarudi kwenye bao.

Shokapu hakuna anayeziuliza. Jamani, tuko Mwadui!

Msimamo wangu nautoa mapema ili anayetaka kubisha abishe vizuri. Ukiwa na pesa ya kuongeza kitu kimoja tu kwenye pikipiki ya umeme kwa barabara zetu, ipeleke kwenye shokapu. Na siku ukipata kifaa cha kuseti kontrola, ile kompyuta ndogo inayogawa umeme kwenda kwenye mota, anza kwa kupunguza kabla ya kuongeza.

Najua mtaniambia habari za video za wenzetu wanaoruka milima. Tuzitazame basi. Kuna Stark Varg, ya motokrosi, iliyozinduliwa Desemba 2021, nguvu za farasi 80, na mwenyewe anaziseti kwa simu. Watu wanazishangaa hizo farasi. Mimi nilichoshangaa ni kwamba mnunuzi anapoagiza anataja uzito wake, na pikipiki inafungwa springi za uzito huo. Hata kwa Sur-Ron Light Bee, kale kapikipiki ka Kichina kenye uzito wa kilo 50 hivi, wanaokanunua kwa michezo hawaishii kwenye kontrola kubwa. Wanabadilisha na springi, kwa sababu ya kiwandani haiwezi kumfaa kijana wa kilo 50 na jamaa wa kilo 95 kwa pamoja.

Hao wanabeba mwili wao tu. Sisi tunabeba abiria, gunia na kuku. Sasa niambieni, nani kati yenu aliwahi kuulizwa dukani uzito anaobeba?

Ukiacha lami ya Shinyanga–Mwanza pale Maganzo ukaingia vijijini, unakutana na udongo ambao wazee wetu Wasukuma waliupa majina kabla ya wataalamu wa kilimo kuja kuuchora kwenye ramani. Luseni ni mchanga, gurudumu la mbele linazama na usukani unataka kwenda kwake. Ibambasi ni ngumu kama sakafu na inakugonga mgongo. Halafu ipo mbuga yenyewe, udongo mweusi. Kiangazi unapasuka nyufa, masika unashika gurudumu mpaka linagoma kuzunguka. Pikipiki nyingi za umeme zinazoletwa Afrika Mashariki zimelenga mizunguko ya mjini: Nairobi, Kigali, Kampala, Dar. Siwalaumu waliozitengeneza, soko lao liko huko. Lakini ikifika huku lazima ijitayarishe kwa kazi ya huku.

Tupige hesabu ndogo, tena kwa namba za mfano tu. Tuseme springi zako za nyuma, zote mbili kwa pamoja, zinazama sentimita 1 kwa kila kilo 30 zinazofika nyuma. Shokapu ina nafasi ya sentimita 8 basi. Pikipiki yenyewe imeshakula sentimita 1. Wewe dereva, karibu nusu ya uzito wako iko nyuma, weka kilo 35. Abiria kilo 65, karibu zote nyuma. Gunia la kilo 50 kwenye keria. Jumla kilo 150, zimezama sentimita 5 nyingine. Umebakiwa na sentimita 2 za kupokea korongo! Hizo haziishi korongo, zinaishia kwenye jiwe la kwanza. Kinachofuata ni chuma kugonga chuma, na mshtuko wote unapanda kwenye fremu, kwenye betri na kwenye uti wa mgongo wa abiria wako. Sheria inaruhusu abiria mmoja, lakini mshikaki mnaujua, wala sihitaji kuupigia hesabu. Mnajua pia kwamba mgonjwa wa usiku kijijini mara nyingi anakuja kwa pikipiki hiyo hiyo.

Hapo fundi atakaza ile ringi ya chini ya shokapu yenye notchi notchi, na wewe utaondoka umeridhika kwamba springi sasa ni ngumu. Si ngumu. Ringi inainua pikipiki tu. Springi ya kilo 30 kwa sentimita inabaki ya kilo 30 kwa sentimita hata ukaze mpaka notchi ya mwisho. Ukiwa na mzigo utapata nafuu, hilo kweli. Ukirudi mtupu gurudumu la nyuma litakuwa linaruka ruka kama mbuzi, kwa sababu halina tena nafasi ya kushuka kwenye shimo. Ugumu wa kweli unabadilika kwa kubadilisha springi yenyewe. Mara nyingi kipimo chake kimeandikwa, kwa paundi kwa inchi au nyutoni kwa milimita. Muulize muuzaji. Asiyejua anakuuzia rangi.

Na rangi zinauza, tena sana. Kuna shokapu za kubandika zenye kichupa pembeni, nyekundu au dhahabu, wanaziita za gesi. Ya kweli, kichupa kile kina kazi kubwa: oili inapochemka kwa kupigwapigwa njia mbovu hufanya povu, na povu haliwezi kuizuia springi isirushe. Gesi iliyo nyuma ya oili inazuia povu hilo. Lakini zipo ambazo kichupa ni cha urembo mtupu, hakina njia ya oili wala gesi ndani. Tafuta mahali pa kujazia gesi. Tafuta pia kirekebishi cha kurudi kwa springi, na ukikizungusha ubonyeze shokapu uone kama kasi ya kurudi inabadilika. Kama haibadiliki, mrudishie mwenyewe.

Hili la kurudi ndilo linalosahaulika kabisa. Ukiweka springi ngumu juu ya shokapu ya zamani ambayo oili yake imechoka, umejitengenezea manati. Na shokapu nyingi za bei ya chini zimezibwa kiwandani, hazifunguliwi zikabadilishwa oili. Hapo nunua nzima, zote mbili kwa pamoja, usifunge mpya upande mmoja. Shokapu za mbele zenyewe hufunguliwa: oili nzito kidogo, sili mpya, na kitambaa kibichi cha kufutia tope kabla halijakauka. Udongo mweusi ukikauka kwenye bomba, sili haidumu.

Jambo lingine, la wanaonunua upya. Angalia mota iko wapi. Kama iko ndani ya gurudumu la nyuma, uzito wote wa mota unaruka na gurudumu, na shokapu inapata kazi ya kulituliza gurudumu zito. Mjini hutaona tofauti. Kwenye ibambasi utaiona siku ya kwanza. Mota iliyofungwa kwenye fremu inayovuta kwa mnyororo inafaa zaidi huku kwetu, hata kama mnyororo ni wa kulainisha kila siku.

Haya, tuje kwenye kontrola, maana najua ndiyo mliyokuwa mnaisubiri.

Kontrola ina namba mbili ambazo watu huzichanganya. Moja ni mkondo unaotoka kwenye betri, nyingine ni mkondo unaoingia kwenye mota. Wa mota ndio unaokupa msuli wa kuondoka na mzigo. Kasi ya juu inategemea volti. Anayekuambia nitakufungulia spidi, muulize anaongeza ipi. Mkondo ukiongezwa mara mbili, joto kwenye nyaya za mota linaongezeka mara nne, na mota inayopanda kwenye tope taratibu na gunia haipati hata upepo wa kuipoza. Halafu ndani ya betri kuna mlinzi, mafundi wanamwita BMS. Kontrola ikidai ampea 80 kwa betri ambayo mlinzi wake anakubali 50, mlinzi anakata umeme. Anakata pale pale, hata kama uko katikati ya kulipita lori la pamba njia ya Shinyanga.

Ndiyo maana nasema anza kwa kupunguza. Kwenye mbuga iliyolowa, mota ya umeme inatoa msuli wote tangu gurudumu likiwa limesimama, kwa hiyo ukivuta kidogo tu linazunguka mahali pamoja na kujichimbia kaburi. Iseti akseleta iwe pole mwanzoni. Punguza pia ile breki ya mota inayorudisha umeme kwenye betri, maana kwenye utelezi inaweza kulishika gurudumu la nyuma na ukateleza bila kugusa breki. Kisha weka kikomo cha kasi kinacholingana na shokapu ulizonazo. Mwenye seti mbili, ya kiangazi na ya masika, huyo ndiye ametuni. Mwenye kilomita 100 kwa saa na shokapu zinazogonga mwisho ana haraka ya kwenda kwa fundi.

Kabla hujagusa chochote soma mkataba. Kwenye mifumo ya kubadilishana betri kama ya Ampersand iliyoanzia Kigali, au Spiro, betri si yako hata kama pikipiki ni yako. Na kijana wa mkataba, anayepeleka hesabu kila siku mpaka pikipiki iwe yake, akiunguza kontrola aliyoifungua mwenyewe, dhamana imekwenda na hesabu bado inadaiwa. Wiki moja ya kukaa masika bila kazi inatosha kumrudisha mwanzo.

Kinachonikera ni kwamba ujuzi huu uko jirani yetu. Yale malori makubwa ya mawe migodini yanasimama juu ya mitungi ya oili na naitrojeni, na kuna aina ambazo kompyuta inasoma presha ya mitungi hiyo na kujua limebeba tani ngapi. Yaani lori linajipima kwa shokapu zake! Mafundi waliozishika karakana za migodi wapo mitaani kwetu na Geita, wengine wamestaafu, wengine wanachomelea mageti. VETA Shinyanga wakiwaita hata wiki mbili kwa mwaka wafundishe vijana wa pikipiki, pamoja na mtu wa umeme wa kueleza kontrola, tutaacha kutegemea video za YouTube.

Wakati tunasubiri hilo, fanya hivi. Chukua futi na rafiki mmoja. Inua nyuma mpaka gurudumu lining'inie, pima kutoka kwenye ekseli hadi alama moja chini ya kiti. Ishushe, kaa wewe, na mzigo wako wa kawaida nyuma, wa siku nyingi, si ule wa harusi. Pima tena. Tofauti iwe kama theluthi ya safari nzima ya shokapu. Kwenye motokrosi ni sentimita 10 hivi kati ya 30, kwenye hii ya mfano wetu ni kama 2 na nusu hadi 3. Mzigo wenyewe upime kwenye mizani ya pamba ya AMCOS, msimu ukiisha imekaa tu. Andika namba hizo kwenye karatasi uende nazo dukani. Muuzaji akicheka, nenda duka la pili.