NYUMBA YETU HAINA KIFARANSA?

Jioni moja, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, mjukuu wangu wa kike mwenye umri wa miaka 10 aliponijia na daftari mkononi. Shuleni kwao wafundishwa Kifaransa, na siku hiyo mwalimu alikuwa amewataka waeleze nyumba zao kwa lugha hiyo. Alinisomea kwa sauti nzuri, nami nikamsikiliza kwa furaha, kwani Kifaransa kidogo nilikiokota zamani nilipokaa Moroni kwa biashara. Nyumba aliyoisoma ilikuwa na bustani ya maua mbele, pahali pa kuwekea gari, meko ya ukutani ya kuotea moto siku za baridi, na mbwa.

Nikamwuliza, "Mwanangu, nyumba hii ni ya nani?"

"Ya kitabuni, babu."

"Na yetu je?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na maana. "Yetu haina Kifaransa," akasema.

Neno hilo halijanitoka moyoni mpaka leo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza nataka nieleweke, wasomaji wapenzi. Mimi si katika wale wanaodai kwamba Kifaransa kitawapoteza watoto wetu, au kwamba mtoto wa Kiislamu yamtosha Kiarabu cha chuoni na Kiingereza cha ofisini. Watu wa mwambao hawakuogopa lugha tangu zamani. Tazameni ndugu zetu wa Komoro, waliojitangazia uhuru mwaka 1975. Mtoto wa huko hushika Kurani chuoni, hujifunza Kifaransa shuleni, na nyumbani husema lugha iliyo jamaa ya karibu na Kiswahili chetu. Wala hatujasikia kwamba misikiti yao imefungwa. Senegal ni nchi ya Waislamu wengi, na Kifaransa wakijua. Majirani zetu wa Kongo, Burundi na Jibuti nao hukitumia. Basi mtoto akijifunza Kifaransa amepata ufunguo, na ufunguo hautupwi.

Ninalolalamikia ni lile somo la nyumba. Katika masomo ya kwanza ya lugha yoyote ngeni, mtoto hufundishwa kusema jina lake, umri wake, na nyumba yake. Waona kuwa ni jambo dogo, lakini si dogo. Hapo ndipo mtoto kwa mara ya kwanza anaposimama mbele ya mgeni na kumwambia, "Mimi ni fulani, na kwetu ni hapa." Ikiwa maneno yake ya kwanza kwa mgeni huyo ni uwongo, na uwongo wenyewe amefundishwa darasani akapata na alama nzuri, je, tutamlaumu kesho akiionea haya nyumba aliyozaliwa?

Basi siku ile nilimwambia mjukuu wangu, "Lete kamusi na karatasi, tuizunguke nyumba hii tuone kama kweli haina Kifaransa." Tukaanza mlangoni. Mlango ni "la porte", dirisha ni "la fenêtre". Tukaenda uani: "la cour". Jiko: "la cuisine". Kisima cha zamani kilichozibwa: "le puits". Msala wa bibi yake ulioanikwa: "tapis de prière". Chandarua, mkeka, kitanda, vyote vilikuwa na majina. Mtoto alianza kucheka kwa furaha kama mtu aliyeokota pesa katika nguo zake mwenyewe.

Tena tukagundua kwamba Kiswahili kilimsaidia kuliko nilivyodhani. Mfaransa akisema "sa maison", husemi kama mwenye nyumba ni mume au mke, kwani neno la umiliki lafuata nyumba, halimfuati mwenyewe. Nasi twasema "nyumba yake" vivyo hivyo. Kiingereza hakina hilo. Na maneno "chez nous" ni "kwetu" hasa, bila ya haja ya kuitaja nyumba. Pengine sisi ndio tuliowazidi: wao husema "il y a" kwa kila pahali, ilhali mtoto wetu anajua kwamba mezani pana kitabu, uani kuna watu, na chumbani mna kitanda. Mwalimu mwenye kukijua Kiswahili vyema angeyafanya haya kuwa madaraja ya kumvusha mtoto. Kwa nini amvushe kwa kuogelea?

Tulikwama pawili. Baraza hatukuipatia neno, kwani benchi la mawe si baraza. Baraza ni mawe pamoja na watu, salamu, na habari za mji. Nikamwambia aliache jina lake lilivyo. Kifaransa chenyewe kina neno "véranda", na neno hilo lilitoka Bara Hindi. Kiswahili nacho kimepamba nyumba zake kwa vitu vya kuazima: meza twaiita kwa jina la Kireno, dirisha kwa jina la Kiajemi, kabati kwa jina la Kiingereza. Lugha hutembeleana, na baraza nayo yaweza kwenda Paris.

Pa pili palikuwa vidaka, vile vishimo vizuri vya ukutani vinavyowekewa vyombo na misahafu. Kamusi ilitupa neno "niche". Akaandika kwamba katika nyumba yetu kuna "niches" tatu, akapeleka. Daftari liliporudi, mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Mnafuga mbwa watatu?" Kumbe neno hilo hilo kwa Kifaransa ni kidaka na pia ni kibanda cha mbwa! Bibi yake aliposikia aliomba msamaha kwa Mungu, kisha akacheka mpaka akashika ubavu.

Lakini, wasomaji wapenzi, kicheko kile kilinikatika niliporudi nyuma nikakumbuka jambo moja. Tulipofika kwenye vidaka, mtoto hakuniuliza vyaitwaje kwa Kifaransa. Aliniuliza vyaitwaje kwa Kiswahili. Amelala chini ya vidaka hivyo miaka 10, na jina lake hakulijua. "Saluni" na "kichen" ayajua, ukumbi hakuujua. Je, hapo nako tumlaumu mwalimu wa Kifaransa?

Mimi nilizaliwa Lamu, katika nyumba ya matumbawe na chokaa ambayo upana wa vyumba vyake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko. Ulikuwa ukiingia kwanza dakani, penye viti vya mawe huku na huku, kisha tekani, palipopinda makusudi ili mpita njia asione ndani. Halafu kiwanda, kisha msana wa tini na msana wa yuu, kisha ndani penye zidaka ukuta mzima. Mkilikuwa na nyumba kati, chumba ambacho waja walizaliwa na maiti wakaoshwa. Chooni mlikuwa na birika lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure chini yake ili samaki wasikose maji birika likikauka. Kila kitu kilikuwa na jina na sababu yake.

Nyumba ile tuliiuza. Sisi warithi tulikuwa wengi, paa lilikuwa lavuja, na mnunuzi alikuja na fedha taslimu kutoka Ulaya. Simlaumu yeyote, kwani nami nilitia sahihi. Nilipokwenda Lamu mwaka uliofuata, mwenyewe mpya alinikaribisha kwa heshima akanizungusha, na akawa anataja kila pahali kwa jina lake: daka, kiwanda, msana, zidaka. Majina yote aliyasema sawasawa. Nikawaza kwamba mgeni huyu ataweza kuwaeleza jamaa zake nyumba ya baba yangu kwa lugha ya kwao, na mjukuu wa baba yangu hawezi kuieleza kwa lugha yoyote. Mji wa Kale wa Lamu uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na hiyo ni heshima kubwa. Lakini orodha haitamfundisha mtoto jina la kidaka. Hiyo ni kazi ya baba na mama.

Kwa hivyo nashauri mambo matatu. Kwanza, walimu wa Kifaransa wawape watoto karatasi waende nyumbani wachore nyumba zao za kweli, wawaulize wazee kila pahali paitwaje, na waje darasani na majina ya Kiswahili kabla ya kutafuta ya Kifaransa. Pili, wazazi tuache uvivu wa kuita kila kitu kwa Kiingereza ndani ya nyumba zetu wenyewe.

La tatu ni la adabu. Si kila mtoto akaa katika nyumba ya mawe. Wengi darasani hulala chumba kimoja cha kupanga, watu watano au sita, na choo ni cha majirani wote. Chumba hicho nacho ni kwao, na mtoto asidhalilishwe kwa kuulizwa mbele ya wenzake ana vyumba vingapi. Katika Surat An-Nur twaamrishwa tusiingie nyumba za watu ila kwa ruhusa na salamu. Somo la nyumba nalo ni namna ya kuingia nyumba ya mtu. Basi mtoto aachiwe achague atakalolionyesha: mti ulio mlangoni, mkeka wa mama, au sauti ya adhana inayomwamsha. Kifaransa kitatosha kwa hayo yote. Wazee walinena, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Mwalimu yule, kwa kweli, ni kijana mwungwana. Mjukuu wangu alipomweleza vidaka ni nini, aliona haya kidogo, akafuta wino wake mwekundu, na akaleta salamu kwamba angependa aje avione kwa macho yake. Nimemjibu kwamba karibu siku yoyote baada ya alasiri. Mtoto ndiye atakayemtembeza na kumweleza, kwa Kifaransa chake na kwa Kiswahili chake. Mimi nitakuwa barazani. Na kabla ya kuingia, mwalimu apige hodi, kwani neno hilo nalo kamusi yetu haikulipatia jina.