Saa ya Mwanafunzi na Saa ya Fomu

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha nilikuwa nikikagua kazi ya mwanachuo katika shule moja ya huku Nyaishozi. Alikuwa ameombwa ajaze, kwa simu yake, fomu ya tovuti iliyotaka saa ya kuanza masomo pamoja na tarehe za kuzaliwa za watoto wa darasa la kwanza. Masomo huanza saa mbili asubuhi, naye akaandika 02:00. Fomu ikapokea bila ubishi. Kwa hesabu ya kompyuta hiyo ni saa nane ya usiku, wakati kijiji kizima kimelala na migomba inanyeshewa.

Mwanachuo yule alikuwa makini. Lililompungukia ni somo ambalo sisi wakufunzi hatukumpa. Tunamfundisha mtoto kwamba mshale mfupi ukielekea 8 aseme "saa mbili", kisha tunampa kanuni ya kuongeza sita, tukadhani kazi imekwisha. Ndugu wanachuo, kanuni hiyo ni ya nusu ya siku tu. Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni inatosha: saa 2 asubuhi huwa 08:00, na saa 10 alasiri huwa 16:00. Jua likishatua, inavunjika. Taarifa ya habari ya saa 2 usiku ni 20:00, yaani tumeongeza 18. Kuanzia saa 7 usiku hadi saa 12 alfajiri tunatoa 6. Hivyo saa 10 alfajiri huwa 04:00.

Ipo pia saa 6 usiku, ambayo huwaponza hata walimu wazoefu. Fomu huiandika 00:00, nayo huhesabiwa kuwa mwanzo wa tarehe mpya. Mtu anayekusudia saa sita ya usiku unaofuata mchana wa tarehe 5, akaandika tarehe 5 saa 00:00, amekosea siku nzima, kwa maana ametaja usiku wa kuamkia tarehe 5. Lugha yetu imekwisha kulitatua jambo hili kwa neno hilo "kuamkia", na ni ajabu kwamba hatulitumii katika somo la Hisabati.

Kwa maoni yangu, yafaa wanafunzi wachore uwanjani miduara miwili, mmoja ndani ya mwingine. Wa nje uwe na namba 0 hadi 23. Wa ndani uwe na saa za Kiswahili, 1 hadi 12 mara mbili, ile 1 ya asubuhi ikikabili 7. Kisha kila mtoto asimame mahali anapochota maji, anapoingia darasani, anapolala. Ataziona kanuni zote tatu kwa macho yake kabla ya kuzikariri.

Wapo wanaoshauri tuiache saa ya Kiswahili ili tuepuke usumbufu. Napinga. Mtoto hupanga siku yake yote kwa saa hiyo, na mzazi wake humwita kwa saa hiyo. Hata hivyo, tusimdanganye kwamba saa moja ni saa ya kwanza tangu jua kuchomoza. Saa ya Tanzania huhesabiwa kwa longitudo 45 Mashariki, nasi tuko karibu na 31, ndiyo maana hapa jua huchomoza karibu na hiyo saa moja yenyewe. Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, iko nyuma yetu kwa saa moja; simu iliyoshika mtandao wa upande ule yaweza kubadili saa bila kumwuliza mwenyewe.

Kuhusu tarehe, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kosa hudumu. Visanduku vya fomu nyingi hufuata lugha iliyowekwa katika simu. Simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani hutanguliza mwezi, na 04/07 ya mtoto aliyezaliwa Julai hugeuka 7 Aprili. Tarehe 25 ingekataliwa, maana hakuna mwezi wa 25. Lakini siku 12 za mwanzo wa kila mwezi hupita kimya. Ukitoa zile ambazo siku na mwezi ni namba moja, zabaki tarehe 132 katika mwaka ambazo zaweza kugeuzwa pasipo onyo lolote. Miaka mingi baadaye, tarehe hiyo isipolingana na cheti cha kuzaliwa, kijana ndiye atakayehangaika.

Ndani ya kompyuta tarehe huandikwa kwa kuanza na mwaka, kama 2019-07-04, kwa utaratibu wa kimataifa uliotolewa mwaka 1988. Mtengenezaji wa fomu aliye mwangalifu humwonyesha mjazaji jina la mwezi kwa herufi. Asipofanya hivyo, mwalimu hana budi kulitamka mwenyewe kabla ya kutuma.

Siku ile tulikaa chini ya mwembe, vyeti mkononi, mwanachuo akisoma kutoka kwenye simu kwa sauti: tarehe nne, mwezi wa saba, tarehe tisa, mwezi wa pili. Tulipofika mwisho wa orodha, watoto watatu walikuwa wamegeuziwa siku zao, nasi tukazirudisha.