Waraka kwa Walimu wa Historia na Serikali: Mtawala wa Mabavu na Kalamu ya Mwalimu



Muhula umeanza na wanafunzi wametujia na maswali ambayo hayamo kwenye vitabu vya kiada. Wanauliza kama vita vikuu vya tatu vimekaribia. Wanauliza kwa nini Urusi iliivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, iwapo ni kweli unga wa ngano ulipanda bei madukani kwetu kwa sababu ya vita vya huko, na mtu mmoja anawezaje kushika nchi kubwa namna ile kwa robo ya karne. Nimesikia kwamba baadhi yetu huwajibu, "Hayo hayatatoka kwenye mtihani," kisha huendelea na somo. Nawasihi tuliache jibu hilo.

Hofu ya watoto hawa ina msingi. Mkataba wa New START, wa mwisho uliokuwa ukizibana Marekani na Urusi katika silaha za nyuklia za masafa marefu, ulifikia ukomo wake Februari 2026. Bajeti za majeshi zinapanda kila upande. Lakini ukimweleza mwanafunzi habari za makombora peke yake, umemwachia hofu bila maarifa. Kitakachomfaa zaidi ni kujua jinsi nchi inavyofikishwa mahali ambapo mtu mmoja anaamua vita asubuhi na hakuna bunge, mahakama wala gazeti la kumuuliza. Nimeichagua Urusi kwa kuwa habari zake zimeandikwa na kuhifadhiwa mwaka baada ya mwaka, na kwa kuwa humo ndani, walimu wenzangu, sisi walimu tumo.

Anzeni na Beslan. Kule Urusi, tarehe 1 Septemba ni Siku ya Maarifa, siku ya kufungua shule. Watoto huvaa nguo zao nzuri, wazazi na nyanya huwasindikiza, walimu hupewa maua. Mwaka 2004, katika mji mdogo wa Beslan, Ossetia Kaskazini, watu wenye silaha waliivamia Shule Nambari 1 wakati wa sherehe hiyo. Waliteka zaidi ya watu 1,100, wakawasukumiza ndani ya ukumbi wa michezo, wakatundika mabomu hadi kwenye vikapu vya mpira. Joto lilikuwa kali, watoto wakavua mashati, wakanyimwa maji. Siku ya tatu ikasikika milipuko, vikosi vya serikali vikaingia, na hatimaye watu zaidi ya 330 walikuwa wamekufa, 186 kati yao watoto. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba serikali ya Urusi ilikuwa imepata taarifa za mapema kuhusu shambulio na haikuzifanyia kazi ipasavyo, na kwamba vikosi vyake vilitumia mizinga ya vifaru, virusha moto na maguruneti huku mateka wangali ndani.

Sasa tazameni kilichofuata. Tarehe 13 Septemba 2004, siku kumi baada ya mkasa kwisha, Rais Vladimir Putin alitangaza kwamba magavana wa majimbo hawatachaguliwa tena moja kwa moja na wananchi. Jina la gavana litatoka kwa rais. Wazazi walikuwa bado wanatafuta watoto wao. Kura ya gavana ilikuwa na uhusiano gani na wateka nyara wa Beslan? Uchaguzi huo ulirudishwa mwaka 2012, ukiwa umefungwa masharti yanayoipa serikali uwezo wa kuchuja nani aingie kwenye karatasi ya kura.

Ukitaka wanafunzi wako walielewe jambo hili, wapeleke Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 tulipoteza watu 148 katika shambulio kwenye Chuo Kikuu cha Garissa hapa Kenya, wengi wao vijana waliokuwa wamewazidi wanafunzi wetu umri kwa miaka michache tu. Waulize: kama siku kumi baadaye tungeambiwa kwamba kwa ajili ya usalama kaunti zote 47 hazitachagua tena magavana wao, tungesema nini tukiwa bado tunalia? Wape muda wafikiri. Huzuni ya watu ni kweli, adui ni kweli, na hapo ndipo mtawala wa mabavu hupitisha jambo ambalo siku ya kawaida lingepingwa.

Ukishaliona hilo, mengine yanasomeka kwa urahisi. Aprili 2001 runinga ya NTV, iliyokuwa ikionyesha ukweli wa vita vya Chechnya, ilitwaliwa na kampuni ya gesi ya Gazprom ambayo serikali ndiyo yenye usemi. Mwaka 2012 ikaja sheria ya "mawakala wa kigeni", iliyoyabandika mashirika ya kiraia jina la usaliti. Mwaka 2014 Crimea ilinyakuliwa, na kura za maoni za taasisi ya Levada zikaonyesha umaarufu wa rais ukipita asilimia 80. Mwaka 2020 katiba ilibadilishwa ili vipindi alivyokwisha kutumikia visihesabiwe, na njia ikafunguka hadi 2036. Desemba 2021 mahakama iliamuru kuvunjwa kwa Memorial, shirika lililokusanya majina ya waliouawa enzi za Stalin. Mpangilio wa mambo haya ni wa kutisha: walionyamazishwa kwanza ni wale ambao wangeuliza maswali kuhusu vita vinavyokuja. Vita vyenyewe vilipoanza, sheria ya tarehe 4 Machi 2022 ikaweka kifungo cha hadi miaka 15 kwa anayeeneza kinachoitwa habari za uongo kuhusu jeshi.

Lakini rais hafungi gazeti kwa mikono yake, wala hasomi hotuba darasani. Yuko hakimu aliyetia sahihi, mhariri aliyefuta habari, karani aliyeandika orodha. Na yuko mwalimu.

Tangu Septemba 2022 shule za Urusi zimekuwa na kipindi cha kila Jumatatu kiitwacho "Mazungumzo kuhusu Mambo Muhimu", chenye maelekezo yaliyoandaliwa na wizara. Mwaka 2023 kikatoka kitabu kipya cha historia cha darasa la mwisho, kilichoandikwa na Vladimir Medinsky, msaidizi wa rais, pamoja na Anatoly Torkunov, kikivihalalisha vita ambavyo risasi zake zilikuwa bado zinalia. Sisi tunaofundisha historia tunajua ni miaka mingapi hupita kabla ya tukio kuingia kitabuni kwa uadilifu.

Katika mji wa Karabash, milima ya Ural, mji wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, palikuwa na mfanyakazi wa shule aitwaye Pavel Talankin. Kazi yake ilikuwa kuandaa shughuli za wanafunzi na kupiga picha za video. Vita vilipoanza akaamriwa kurekodi masomo ya uzalendo, nyimbo na gwaride, ili video zitumwe kwa wakubwa kama ushahidi kwamba agizo limetekelezwa. Aliendelea kurekodi, akahifadhi nakala, na mwaka 2024 akaondoka nchini nazo. Filamu iliyotokana na picha hizo, *Mr. Nobody Against Putin*, ilipata tuzo katika tamasha la Sundance mwaka 2025. Humo utaona walimu wakisoma maneno waliyopewa, wengine macho yao hayatoki kwenye karatasi. Si watu wabaya. Wanataka mshahara, wanataka kustaafu salama. Ndiyo maana inauma kuwatazama.

Na kuna jambo jingine linalotuhusu zaidi. Vituo vingi vya kura nchini Urusi vimo shuleni, na walimu ni wengi mno katika kamati za kuvisimamia. Bosi wa kituo aghalabu ndiye bosi wa kazini. Baada ya uchaguzi wa bunge wa Desemba 2011, naibu mwalimu mkuu mmoja wa Saint Petersburg alieleza hadharani kwamba alitakiwa kukiongezea chama tawala kura za bandia, naye akakataa. Alishtakiwa na ofisa wa elimu kwa kumharibia jina. Mwanamke huyo hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mwalimu mwenye karatasi mbele yake.

Najua baadhi yenu mtanijia juu kwa kuisema Urusi. Wapo kati yetu waliosoma Moscow, katika chuo kilichoitwa kwa jina la Patrice Lumumba, wakati ambapo milango mingine ilikuwa imefungwa kwa Mwafrika. Deni hilo ni la heshima na sisemi tulisahau. Ila tukumbuke kwamba ndugu zetu walisomeshwa pia Kyiv, Kharkiv na Odesa, na Kharkiv hiyo imepigwa mabomu. Mtaniuliza kuhusu Iraki mwaka 2003. Ifundisheni, pamoja na uongo wa silaha za maangamizi. Mtaniuliza nani alimlea Mobutu kwa zaidi ya miaka 30, naye akawasimamisha watoto wa Zaire kumwimbia sifa. Yafundisheni hayo pia, na msiwafiche wanafunzi kwamba mkono wa Magharibi ulikuwemo. Mwalimu anayelaani ubabe wa upande mmoja tu amekwisha kuandikishwa katika jeshi la upande wa pili.

Hotuba ya aliyekuwa balozi wetu Martin Kimani katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, tarehe 21 Februari 2022, inafaa kusomwa darasani neno kwa neno. Aliizungumzia mipaka tuliyochorewa na wakoloni, na jinsi Afrika ilivyochagua kuikubali kuliko kuendelea kumwaga damu kwa kuota himaya za kale. Kisha waonyesheni kura ya Baraza Kuu ya tarehe 2 Machi: nchi 141 ziliunga mkono azimio la kuitaka Urusi iondoke, Kenya ikiwemo, ilhali Tanzania, Uganda na Burundi hazikuegemea upande wowote. Waacheni wabishane. Ubishi wa darasani ulio na heshima ni jambo ambalo Jumatatu za Karabash hazina.

Vita hivi pia vinachukua watoto wetu. Kijana wa Kitanzania aliyekwenda Moscow kusomea shahada ya uzamili aliishia gerezani huko, akaahidiwa msamaha akikubali kupigana na kundi la mamluki la Wagner, akauawa Oktoba 2022. Mwili wake ulirudishwa nyumbani Januari 2023. Septemba 2025 polisi wetu waliwaokoa vijana 22 katika nyumba moja Athi River, waliokuwa wakiandaliwa kupelekwa Urusi kwa ahadi ya kazi. Novemba mwaka huohuo Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi alisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wamejiunga na jeshi la Urusi. Mwanafunzi wako wa zamani akikuletea mkataba wa kazi ng'ambo alioahidiwa kwenye simu, usimpongeze kwanza. Kaa naye, usome kila ukurasa. Kama umeandikwa kwa lugha asiyoijua, mwambie asitie sahihi.

Basi yapo mambo ninayoyataka kwenu. Mkiletewa hotuba ya kumsifu kiongozi yeyote, wa chama chochote, na kuambiwa muisome kwenye gwaride, ulizeni agizo hilo liko wapi kwa maandishi. Msiandike kamwe orodha ya wanafunzi kwa sababu ya maoni waliyotoa darasani, hata ombi likija kwa upole kutoka kwa mtu mnayemheshimu.

Na Agosti 2027 wengi wetu tutaitwa kusimamia vituo vya kura, kama ilivyokuwa 2017 na 2022. Tunajua uchaguzi wa urais ulivyofutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba 2017, na jinsi fomu za matokeo zilivyotajwa mahakamani. Tunajua pia kwamba mwaka 2022 Fomu 34A, za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000, ziliwekwa wazi, mtu yeyote akaweza kujumlisha mwenyewe. Uwazi huo unaanzia kwenye dawati la mwalimu, usiku wa manane, taa hafifu na maajenti wamechoka. Andika kilichohesabiwa. Hakikisha maajenti wametia sahihi na kila mmoja amepata nakala. Bandika fomu mlangoni kabla ya kuondoka, uipige picha ikiwa hapo.

Mwanachama yeyote wa chama chetu cha walimu atakayepigiwa simu akatakiwa kubadilisha tarakimu, aandike papo hapo saa, nambari iliyopiga na maneno aliyoambiwa, kisha amfahamishe katibu wa tawi lake usiku huohuo. Kamati ya chama imekubaliana kwamba hatasimama peke yake: tutamtafutia wakili, na akihamishwa shule kwa sababu hiyo, tutamchangia gharama za kuhama na karo ya watoto wake. Makatibu wa matawi watawasomea waraka huu katika mkutano wa mwezi na kukusanya majina ya watakaojitolea kuandaa masomo ya Beslan na Garissa.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti