"Nilimupa shauri tu": mekanisie naye ajibu



Jirani yetu mmoja, papa wa familia, alikuwa anaendesha taxi. Freni zikaanza kuwa laini, akapita garaji. Patro wa garaji hakulala hata chini ya gari. Alimwambia tu: "Ni mafuta ya freni imepunguka. Ongeza ile ya direksio, ni kitu moja." Papa akanunua, akaongeza yeye mwenyewe. Siku chache nyuma, kwenye muteremko, pedali ilifika chini na gari haikusimama. Mama mmoja mwenye kuuza makala kando ya barabara alivunjika miguu yote mbili.

Leo shofere ndiye amefungwa. Patro anasema: "Mimi sikugusa gari yake. Nilimupa shauri tu." Na batu wengi kwenye karche banamupa haki.

Sisi tunakataa. Mafuta ya direksio si mafuta ya freni. Yanavimbisha mipira iliyo ndani, na mipira ikiisha kuvimba na kuharibika, freni zinaweza kukatala wakati wowote. Mara nyingi hata kifuniko cha kibuyu chenyewe kimeandikwa aina ya mafuta inayofaa, DOT 3 ao DOT 4. Mutu mwenye kulipwa kwa sababu anajua kazi hiyo atasemaje kama hakujua?

Sheria iko. Kode sivile kitabu cha 3, ya tangu 1888, artikle 258: mwenye kumuletea mwingine hasara kwa kosa lake analazimishwa kuitengeneza. Artikle 259 inaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Hakuna mahali imeandikwa kwamba lazima uwe umeshika kle mukononi. Na wale wenye kusema "ni mutoto wa garaji aliharibu" wasome 260: fundi anajibu kwa ajili ya wanafunzi walio chini ya ulinzi wake. Kwa upande wa kode penale, artikle 52 inamugusa mwenye kuumiza mutu bila kusudi, kwa kukosa kuona mbele.

Shofere naye asijifiche. Alibeba abiria akijua freni ni laini. Na kuna wenye magari, tunawajua, wanaoambiwa "badilisha hii" wakajibu "funga tu, nitarudia." Hapo mekanisie aliisha kuonya, na muzigo unahama. Lakini ataonyesha namna gani? Ndiyo maana tunasisitiza karatasi. Ukurasa moja wa kaye inatosha: nini ilionekana, shauri gani ilitolewa, nini mteja alikataa, sinyature mbili. Bila ile, mbele ya tribinali ni maneno juu ya maneno.

Wengine watasema tunataka kuua kazi ya vijana. Mimi mwenye kuandika hii niko na lisanse ya sheria na sina kazi. Wadogo wangu wawili wanajifunza mekanike. Sitaki wafundishwe kama neno la fundi halina bei.

Tunaomba parke iwasikilize wote wawili, shofere na patro, na itume mekanisie mwingine afungue ile gari. Ingali imesimama, na tayari kuna watu wanauliza bei ya vipande vyake. Mafuta iliyo ndani ndiyo ushahidi wa ule mama. Ikimwangwa, imekwisha.