Kompyuta ya michezo: heri kungoja

Kutoka Kolwezi hadi Musumba, vijana wanaopenda michezo ya kompyuta wanajiuliza: kuongeza nguvu ya mashini sasa ao kungoja?

Heri kungoja. Tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda sana, kwa sababu viwanda vinapendelea kuhudumia vituo vikubwa vya akili mnemba. Desemba 2025, kampuni ya Micron ilitangaza kuacha biashara ya Crucial, RAM za wanunuzi wa kawaida. Shaba inatoka Lualaba, lakini bei ya RAM haipangwi Kolwezi.

Ambaye mashini yake imekufa hana budi kununua. Mwenye inayotembea anunue kwanza kifaa cha kuikinga na umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. RAM mpya haifufui mashini iliyoungua.