Chupa ya Watoto Kumi

Mtoto asipochanjwa, lawama humwangukia mama yake: ni mvivu, ni mjinga, amesikiliza maneno ya sokoni. Twaona lawama hiyo haina haki yote.

Katika nchi yetu ya Kongo, uchunguzi wa mwaka 2013 na 2014 ulionyesha ya kuwa kati ya watoto 100 walio katika mwaka wao wa pili, 45 tu walikuwa wamepata chanjo zote zilizoamriwa. Uchunguzi mwingine, mwaka 2018, ulikuta 35. Surua haikukawia. Serikali ilitangaza maradhi hayo mwezi wa Juni 2019. Yalipotangazwa kwisha, Agosti 2020, yalikuwa yameua watoto zaidi ya 7,000 wasiotimiza miaka 5. Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotajwa kila siku redioni, iliua watu wapatao 2,300.

Sasa tutazame jambo moja dogo. Chanjo ya surua ni unga mkavu ndani ya chupa, na chupa moja kwa kawaida yatosha watoto 10. Mwuguzi akiisha kuuchanganya na maji yake, ana saa 6 tu. Zikipita, hana budi kuitupa. Siku ya chanjo wamekuja akina mama 3. Mwuguzi afikiri: nikiifungua, dozi 7 zapotea, nami nitaulizwa. Basi awaambia, «Rudini juma lijalo, mama zangu.» Mmoja wao ametoka mbali kwa miguu, mtoto wa miezi 9 mgongoni, shamba ameliacha. Je, atarudi? Pengine. Wa pili tayari amekwisha kukata tamaa.

Shirika la Afya Duniani lashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Nao Mpango wa Mashako, ulioanzishwa na serikali mwaka 2018, ulijali kwanza mambo kama hayo: siku za chanjo zifanyike kweli, na chanjo zisikosekane vituoni. Hayo ni kazi ya wakubwa, wala mama hawezi kuyatengeneza.

Lakini akina mama wa kijiji kimoja waweza kupatana kwenda pamoja, watoto 8 au 10 siku moja; hapo mwuguzi hana sababu ya kusita. Nanyi wanafunzi mjuao kusoma, itazameni karatasi ya chanjo ya mdogo wenu. Penye neno surua pakiwa patupu, mwambieni baba leo jioni.